Sinema za Usiku wa Manane na Swali la Moshi



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia makaratasi, misiba, michango na malezi ya watoto wetu huku ughaibuni. Leo tunaomba ruhusa tuguse jambo ambalo katika vikao vyetu vya Dallas, Fort Worth na Houston husemwa kwa kunong'ona, nalo ni bangi. Hatuna nia ya kurudia hotuba ambayo kila mmoja wetu aliisikia kwa wazazi na walimu. Tuna swali moja linalotusumbua: mtu anapokipenda kitu akiwa amelewa, anayependa ni yeye au ni kile kilevi?

Swali hili halikutoka hewani. Tunaye mdogo wetu mmoja ambaye hatutataja jina lake wala mji anaokaa katika hiyo mitatu, kwa sababu zitakazoonekana mbele. Ni mchapakazi, hutuma fedha nyumbani bila kukumbushwa, na kwenye msiba huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuosha masufuria. Lakini ana mapenzi mawili yanayowakosesha wakubwa usingizi. La kwanza ni bangi. La pili ni sinema za ajabu ajabu, zile ambazo ukimwuliza mtu wa kawaida atakwambia hajawahi kuzisikia. Yuko radhi kushika barabara ya I-45, mwendo wa maili kama 240 kutoka Dallas hadi Houston, ili aone sinema moja usiku wa manane. Watu wakimjadili hawatenganishi mambo hayo mawili. Husema, "Zile ni sinema za wavuta bangi," na mazungumzo yanaishia hapo. Naye hujibu, "Kaka zangu, nyie mnauona moshi tu, sinema hamuioni."

Basi na tuitazame sinema kwanza. Hizi tunazoziita hapa sinema za wachache ni zile ambazo mara nyingi zilipotoka hazikuuza, au wakosoaji walizicheka, halafu zikapata watu wanaozipenda kupita kiasi na kuzirudia mara ishirini. Texas ina utajiri wake wa sinema hizi. Wengi wetu tumewapeleka watoto kwenye bustani ya maji ya Fort Worth, Water Gardens, iliyochorwa na Philip Johnson na kufunguliwa mwaka 1974, bila kujua kwamba miaka miwili baadaye ilionekana katika Logan's Run, sinema ya dunia ambamo hakuna mtu anayeruhusiwa kupita umri wa miaka 30. Na wale waliofika Houston zamani wanaukumbuka uwanja wa Astrodome, uliofunguliwa mwaka 1965. Mwaka 1970 Robert Altman alitengeneza pale Brewster McCloud, hadithi ya kijana anayejificha chini ya uwanja huo akijiundia mabawa ili aruke kama ndege. Sisi tuliosomea uhandisi tunajua hesabu za mabawa hayo haziwezi kukubali, lakini mtu huangalia hadi mwisho.

Majumba yenyewe yapo. River Oaks Theatre ya Houston ilifunguliwa mwaka 1939, na kwa miaka mingi ilionyesha usiku wa manane The Rocky Horror Picture Show, sinema ya mwaka 1975 ambayo watazamaji wake huvaa kama wahusika na kujibizana na kioo. Jumba hilo lilifungwa mwaka 2021, wapenzi wake wakasikitika sana, na mwaka 2024 likafunguliwa tena. Oak Cliff, Dallas, iko Texas Theatre ya mwaka 1931. Dunia inaijua kwa sababu ndipo alipokamatwa Lee Harvey Oswald tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy. Kwa miaka ya karibuni imekuwa makao ya sinema za zamani na zile zisizopata nafasi kwenye majumba makubwa.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sinema hizi zinatuonyesha kwamba methali hiyo haina ukweli wote, kwa maana viko vyema vilivyokaa gulioni mchana kutwa bila mnunuzi.

Tena tusidhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana, mtu aliyewahi kufyatua matofali ili apate riziki, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa kama dola 200. Bunduki zake ni za vyuma chakavu. Juu ya picha inasikika sauti ya VJ Emmie akitania, akishangilia na kumweleza mtazamaji kinachokuja. Leo sinema hiyo ina wapenzi Marekani, Ulaya na Asia. Na sauti ile sisi hatuishangai. Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu, Kenya yuko DJ Afro, na katika vibanda vya video watoto walikaa kwenye mabenchi wakiangalia filamu ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mtu asiyejua Kichina, wakacheka mpaka machozi. Waliokaa pale hawakuwa na moshi wowote. Walikuwa na shilingi chache, jirani wa kucheka naye, na muda.

Sasa turudi kwenye swali letu. Haki inatutaka tuanze kwa kujihoji sisi wenyewe. Wengi wa rika letu tumezisikiliza nyimbo za Mlimani Park na Les Wanyika tukiwa na chupa ya bia mkononi na nyama choma mezani, na hajatokea mtu wa kusema kwamba mapenzi yetu kwa muziki wa dansi ni mapenzi ya bia. Tukimhukumu mdogo wetu kwa kipimo ambacho sisi hatujipimi, hatakuwa na sababu ya kutusikiliza. Kama tunataka kusema neno la maana, tutafute kipimo kinachotugusa sote.

Pia tujihadhari na kutia chumvi. Mwaka 1936 Wamarekani walitengeneza sinema ya kuwaonya wazazi kuhusu bangi, ambayo mwanzoni iliitwa Tell Your Children na baadaye ikajulikana kama Reefer Madness. Ndani yake vijana wanavuta, na punde wanaua na kurukwa na akili. Katika miaka ya 1970 sinema hiyohiyo ikawa kichekesho cha wanafunzi wa vyuo, na watetezi wa bangi ndio waliokuwa wakiionyesha. Waliotengeneza onyo walidanganya, na uongo wao ukawa burudani ya waliokuwa wakionywa. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba msokoto mmoja utamfanya kichaa anacheza sinema ileile, na mtoto atacheka pindi atakapomwona mwenzake amevuta na kesho yake akafaulu mtihani.

Hoja ya mdogo wetu inafaa ielezwe kama yeye anavyoieleza. Anasema akivuta, haraka ya maisha ya Marekani inamtoka. Kazi ya zamu mbili, simu za kutoka nyumbani, bili za kila mwezi, vyote vinanyamaza. Anaiona rangi ya ukuta nyuma ya mwigizaji, anausikia muziki mdogo ulio chini ya maneno. Anasema hajifichi kwa moshi, ila moshi unampa nafasi ya kutulia. Hatuna sababu ya kumwita mwongo. Mtu aliyebeba boksi saa kumi na sita anajua thamani ya kutulia.

Lakini lipo jambo alilotusimulia yeye mwenyewe, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mwanasheria wa uhamiaji alimshauri aache kabisa wakati makaratasi yake yakishughulikiwa. Akaacha, miezi mingi sasa. Sinema hakuziacha. Akaanza kuzirudia zile alizozipenda, moja moja, akiwa na akili yake kavu. Tukamwuliza amegundua nini. Akasema, "Nyingine zimebaki, nyingine zimekufa." Zile zilizokufa hakuelewa hata kidogo alikuwa amecheka nini.

Sisi wahandisi tuna desturi inayofanana na hiyo. Zege likiwa bichi hushikiliwa na mbao. Kuziweka mbao hakuna aibu, hakuna jengo linalopanda bila hizo. Ila mbao hazikuwekwa ili zikae, na nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Zikiondolewa, ndipo tunapojua kama tulijenga nguzo au tuliegemeza tope. Bia yetu na dansi letu viingie kwenye kipimo hichohicho. Wimbo ambao asubuhi, ukiwa na chai, bado unakusimamisha njiani, huo ni wako.

Hapo ndipo tunapoona kasoro ya moshi, kasoro ambayo haimo katika hotuba za shuleni. Kwa maneno ya mdogo wetu mwenyewe, alipokuwa akivuta karibu kila sinema ilikuwa nzuri. Sasa, kupenda ni pamoja na kuweza kukataa. Mtu anayesifu kila chakula hatumwiti mjuzi wa mapishi, tunamwita mwenye njaa. Uwezo wa kuchoshwa na kitu kibovu ndio unaokipa thamani kile kizuri, na moshi unauchukua uwezo huo taratibu, bila mwenyewe kuhisi ameibiwa. Hivyo wale wanaosema sinema zake ni za bangi wamekosea, kwa sababu zimebaki bangi ilipoondoka. Na yeye alipodhani kwamba bangi ndiyo iliyomfungulia mlango wa sinema, naye hakuwa sahihi, kwa sababu mlango bado uko wazi.

Mojawapo ya zilizobaki ni Primer ya mwaka 2004, iliyotengenezwa hapahapa Dallas na Shane Carruth, mtu aliyesomea hisabati na kuwahi kufanya kazi ya uhandisi. Aliitengeneza kwa dola kama 7,000, akaiandika, akaiongoza, akaigiza na kutunga muziki wake, na ikashinda tuzo kuu ya tamthilia katika tamasha la Sundance. Ni hadithi ya wahandisi wawili wanaounda mashine gereji na kugundua kuwa inarudisha wakati nyuma. Haielezi chochote kwa urahisi. Mdogo wetu anasema safari hii aliiangalia akiwa na karatasi na kalamu, akichora nani yuko wapi na saa ngapi, na kwa mara ya kwanza akaielewa.

Limebaki suala la sheria, na hapa ndugu msomaji tunakuomba usisome kwa haraka, kwani hapa ndipo watu wanapopoteza maisha waliyojenga kwa miaka ishirini. Texas, bangi isiyozidi wakia mbili inaweza kukuletea hadi siku 180 jela na faini hadi dola 2,000. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka bangi, hata chini ya gramu moja, ni kosa kubwa zaidi. Ni kweli kwamba kaunti ya Harris, yenye Houston, tangu mwaka 2017 ilianza kuwapeleka wengi darasani badala ya jela, na kwamba Novemba 2024 wapigakura wa Dallas walipitisha pendekezo la kuwazuia polisi kukamata watu kwa kiasi kidogo, Mwanasheria Mkuu wa jimbo akalipeleka mahakamani mwezi huohuo. Vijana wetu husikia habari hizi wakadhani hatari imeisha.

Kwa asiye raia haijaisha. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho. Hukumu ya dawa za kulevya inaweza kumfukuzisha mtu nchini hata akiwa na kadi ya kijani, isipokuwa kosa moja tu la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake, na hata huyo anaweza kuzuiwa mlangoni akisafiri kwenda kuzika na kurudi. Makubaliano ya mahakama za Texas ambayo wenyeji huyaona kama msamaha, uhamiaji mara nyingi huyahesabu kuwa hukumu. Na mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilitangaza kwamba kutumia bangi, hata katika jimbo linaloiruhusu, kunaweza kuhesabiwa dhidi ya tabia njema ya mwombaji uraia. Msokoto mmoja ukipita kati ya marafiki wawili, mwenyeji analipa faini, na mgeni analipa kwa nyumba, kazi na watoto wake. Unaweza kuiona sheria hiyo kuwa ya kidhalimu, na sisi tunaona hivyo. Lakini mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Anayehitaji ushauri amwone mwanasheria wa uhamiaji, asitegemee maneno ya barazani.

Na hayo maneno ya barazani yana deni lake. Tunapomtaja mtu kwa jina mbele ya watu ishirini kwamba "yule anavuta," tunamwekea hatarini makaratasi yake kwa ajili ya utamu wa dakika moja. Kumhurumia ndugu ni kumwambia ukweli faraghani, pamoja na gharama zake zote, bila chumvi.

Lipo pia lililo rahisi kuliko yote. Tulipomwuliza alichokipenda zaidi katika sinema za usiku wa manane, hakutaja moshi wala kioo. Alisema ni mahali pekee katika mji huu ambapo watu mia wasiojuana hucheka pamoja. Tukakumbuka mabenchi ya vibanda vya video. Tangu aache, marafiki wa msokoto wamepungua, na mara nyingi anakwenda peke yake. Kiti cha pembeni yake kiko wazi, tiketi ni dola chache, na wengi wetu Ijumaa usiku tuko nyumbani tukiangalia runinga tusiyoipenda.