Mtoto Yuko Kwenye Foleni

Mie nimezeeka nikiwaona watu wazima wakimgombania mtoto mpaka mtoto mwenyewe anasahauliwa, basi huu ugomvi wa Uingereza na Marekani kuhusu dawa za kuzuia balehe haunishangazi. Unanichekesha kidogo. Unanichosha zaidi.

Kliniki ya London iliyokuja kujulikana kama Tavistock ilianza mwaka 1989 kuwahudumia watoto wanaohisi kwamba jinsia waliyozaliwa nayo siyo yao. Mwaka 2011 walioletwa hawakufika 250. Miaka kumi baadaye walizidi 5,000 kwa mwaka, maji yakazidi unga. Dawa zenyewe Waholanzi ndio waliotangulia kuwapa watoto wa namna hii: balehe isimame kidogo, mtoto apate nafasi ya kufikiri. Waliowapa walikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini habari za nani alikua vipi, nani alitulia, nani alijuta, zikawa haba. Kupika miaka yote hiyo bila kuonja mchuzi, wanangu!

Mwaka 2020 akaitwa Hilary Cass, daktari wa watoto, achunguze huduma hizi. Ripoti yake ya Aprili 2024 ilisema ushahidi wa tiba hizi ni dhaifu. Alipotaka kujua waliotibiwa zamani wamefikia wapi, kliniki sita kati ya saba za watu wazima zilikataa kutoa taarifa. Kisha kila mtu akakimbilia ukurasa aupendao. Huyu akashangilia kwamba yote yalikuwa uongo, na Cass hakusema hivyo. Alisema wapo vijana watakaofaidika na tiba, na kwamba wote wanastahili kuhudumiwa vizuri na kwa heshima. Yule akamwita mama wa watu adui. Mambo yakafika pabaya hata akashauriwa asipande usafiri wa umma. Daktari wa watoto, jamani.

Marekani nao, mkono mwepesi kwenda mahakamani. Jimbo la Arkansas lilipiga marufuku tiba hizi kwa watoto mwaka 2021, majimbo zaidi ya 20 yakafuata, na Juni 2025 Mahakama ya Juu, majaji sita dhidi ya watatu, ikaiacha sheria kama hiyo ya jimbo la Tennessee isimame. Walioshinda walicheza, walioshindwa walilia, na ni wachache waliosoma kwamba majaji hawakupima kama dawa inafaa au haifai. Walisema tu kwamba wabunge wa jimbo wana haki ya kuamua.

Mimi nawaza foleni. Kule Uingereza wapo watoto waliosubiri zaidi ya miaka miwili kabla ya kuonwa mara ya kwanza, na balehe haisubiri mtu. Mtoto aliyejiunga na foleni sauti haijavunjika anaitwa akiwa na ndevu. Katikati hapo mzazi hapati usingizi, na mzazi mwenye hofu humwamini yeyote anayesema kwa uhakika: anayeuza dawa mtandaoni bila kumwona mgonjwa, au anayemwambia amchape mwanawe mpaka wazo litoke. Simlaumu sana. Nani kati yetu hajawahi kununua kwa haraka kwa sababu muuzaji alipaza sauti?

Basi ninyi mlio ughaibuni, mkikutana na mzazi kama huyo, msianze kumuuliza yuko upande gani. Muulizeni mtoto anakula? Analala? Akirudi kutoka shule, anakaa na nani?