NENO "BABA" NI LA NANI?

Siku moja shuleni hapa Mwankoko niliwaagiza watoto waandike majina ya baba zao. Mmoja akaandika jina la mjomba wake. Wenzake wakacheka, nami nikalifuta jina lile, nikamwambia, "Huyu si baba yako." Mtoto akanyamaza. Kimya chake kilinifanya nijiulize: Neno hili hupata wapi maana yake?

Nimechunguza, nikaona ajabu. Wachina humwita baba "baba", na Waturuki vivyo hivyo, ingawa lugha zao si jamaa za lugha yetu. Lakini kwa Warusi "baba" ni mwanamke, na pengine bibi kizee. Na huko Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, mtoto amwitapo baba yake husema "mama". Tusiwacheke, maana wao nao wakitusikia watatucheka.

Wako wasemao kwamba maneno yakifanana, lazima watu wake ni ukoo mmoja, au mmoja ameazima kwa mwenziwe. Si lazima. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, George Murdock, alitoa hesabu ya maneno 1,072 ya kuwaita mama na baba, aliyoyakusanya katika lugha nyingi za dunia. Na sauti zile zile chache zilirudi mara kwa mara. Roman Jakobson, mzaliwa wa Urusi, akaeleza sababu: kinywa cha mtoto mchanga huanza kwa sauti zilizo nyepesi, nazo ni za midomo, kama ba na ma. Mwanzoni mtoto hucheza na midomo tu, hamwiti mtu. Lakini mzazi asikiapo hudhani ameitwa, huitika, humpakata. Hivyo mlio huwa neno.

Basi tazameni: aliyelitia neno maana si yeye aliyelitamka, bali ni yeye aliyeitika.

Baadaye nilipata habari kwamba baba wa mtoto yule alikwenda zake zamani, na mjomba ndiye amlishaye, ndiye akeshaye naye awapo mgonjwa. Mtu ataniuliza, "Je, damu si kitu?" Ni kitu, na ukoo hauna budi kujulikana. Lakini Bwana wetu alipoomba Gethsemane alisema "Aba", neno la Kiaramu lenye maana ya baba (Marko 14:36). Na Mtume Paulo awafundisha Warumi (8:15) kwamba nasi twaweza kumwita Mungu kwa neno hilo hilo, kwa kuwa tumefanywa wana. Ikiwa sisi tulipewa neno hili kwa kufanywa wana, nani atamnyang'anya mtoto yule?

Nalimwita, nikaliandika tena jina la mjomba kwa mkono wangu, chini ya jina la aliyemzaa.

Enyi akina baba, jina hili halikai kwa mtu asiyeitika. Mkiitwa, itikeni.

Mwalimu, Mwankoko