Dongo na ncha

Wenye ndugu Nairobi mnalijua neno mchongoano: vijana wawili wanatupiana matusi ya kuchekesha, na waliowazunguka ndio wanaamua nani mkali. "Nyumba yenu ni ndogo mpaka mkipakua ugali, mboga inasubiri nje!" Neno lenyewe halijifichi. Kuchongoa ni kuchonga kitu mpaka kipate ncha.

Huku kwetu Mafinga tunasema kurushiana madongo. Dongo ni bonge la udongo: linachafua, halitoboi. Ukifika nyumbani unaoga, yameisha.

Sasa swali langu: kwa nini tusi moja ukioga linatoka, na lingine linabaki mwilini?

Wengi watasema ni ukali wa maneno. Mimi sikubali. Hapa Iringa Mhehe anataniwa kwa mambo mawili, kula mbwa na kujinyonga. Ugali wa kule Nairobi haufiki hata robo ya ukali huo. Lakini Mngoni akiyasema, Mhehe anacheka na kurudisha lake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na utani wao husimuliwa kuwa ulianzia kwenye uadui ule. Na utani una deni. Mtani anayekusema leo ndiye huyo huyo anayefika msibani kwako, anashika kazi, tena anawachekesha waliofiwa mpaka wanakula.

Siku hizi utani umehamia kwenye simu. Mtu ambaye si mtani wa yeyote anatuma kichekesho cha Mhehe na kamba kwenye magrupu matano, kisha analala. Hajui kwamba kwenye grupu mojawapo yupo mama aliyemzika mwanawe kwa namna hiyo. Maneno ni yale yale ya Mngoni, herufi kwa herufi. Kilichopungua ni deni.

Mtaniambia basi hata mtani anyamaze mbele ya mama huyo. Labda. Ila mtani angejua aingilie mlango gani, maana msibani alikuwepo.

Kwa hiyo sitaki tupige marufuku madongo. Tutakuwa tumeua kitu kilichowapatanisha babu zetu. Nina kipimo kimoja tu. Kabla hujarusha, jiulize: huyu akifiwa kesho, nitakwenda? Kama huendi, ujue ulichoshika mkononi kina ncha.