Wembe wa Jeshi na Ndevu za Jirani Yangu



Kijana mwenzangu, leo naomba tutafakari jambo ambalo wengi wetu tunalimalizia kwa kinyozi: je, ni haki jeshi kumtaka kila askari anyoe ndevu? Najua wapo watakaosema, "Afande akisema nyoa, unanyoa. Mjadala wa nini?" Ngoja kwanza. Kwa anayeangalia kidevu swali ni dogo, lakini ndani yake kuna utii, kuna dhamiri ya mtu, kuna jirani. Na kwa sisi wa Mtwara, tunaoishi karibu na mdomo wa Ruvuma, ndani yake kuna damu pia.

Tuanze na hali ilivyo. Mwaka 2013 Serikali ilirudisha utaratibu wa vijana wanaomaliza kidato cha sita kwenda JKT kwa mujibu wa sheria, baada ya kusimama tangu 1994. Kuruta akifika kambini, wembe unamsubiri. Kwetu Wamakonde, Wayao na Wamakua hilo si geni. Jandoni mtoto hunyolewa, na baada ya msiba watu hunyoa. Wembe ni mlango: unaingia ukiwa mtu mmoja, unatoka ukiwa mwingine. Kambini mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima wa korosho kutoka Tandahimba wanasimama mstari mmoja na huwezi kuwatofautisha. Mimi naiona hekima hapo, wala siidharau.

Kuna sababu nyingine inayotajwa sana, nayo ni barakoa ya kuzuia gesi ya sumu. Ili imwokoe askari ni lazima ishike ngozi vizuri, na ndevu zinaacha upenyo. Ni sababu ya kweli, imeokoa maisha tangu Vita Kuu ya Kwanza. Lakini angalia kioja hiki: hadi mwaka 1916, kanuni za jeshi la Uingereza zilimkataza askari kunyoa mdomo wa juu. Masharubu yalikuwa amri! Jeshi hilohilo, mwezi Machi 2024, likaruhusu ndevu zilizotunzwa vizuri, kwa masharti kwamba kazi ikidai zinyolewe, zinyolewe. Kanada walikuwa wameruhusu tangu 2018. Kumbe nidhamu haikai kwenye kidevu. Kanuni ya jana ilikuwa usinyoe, ya leo nyoa, ya kesho huenda ikawa chagua, na askari akabaki askari.

Sasa njoo kwetu. Nina rafiki Mwislamu, tumekua mtaa mmoja. Idi nakula pilau kwao, Krismasi anakula kwetu. Amefuga ndevu kwa sababu anaamini ni Sunna ya Mtume wake, na anajua wapo masheikh wanaofundisha kwamba ni wajibu. Alipopangiwa kambi aliniuliza, "Hivi nyie Wakristo mkiambiwa mnyoe mnajisikiaje?" Nikamwambia ukweli: sisi hatujisikii chochote. Tunanyoa, tunaenda zetu.

Jibu hilo limenikaa kichwani siku nyingi. Amri ni moja, lakini bei si moja. Mimi nikinyoa natoa nywele. Yeye akinyoa anatoa kitu alichomwekea Mungu wake. Sheria inayotugusa wote sawasawa kwa nje, kwa ndani inaweza kumgharimu mmoja na mwingine asilipe hata senti. Na asiyelipa ndiye mwepesi wa kusema, "Si anyoe tu, shida iko wapi?"

Kabla hujasema hayo ni mambo ya wenzetu, kumbuka historia yetu. Wakapuchini kutoka Uswisi waliofika Dar es Salaam mwaka 1921 walikuwa wa shirika ambalo kwa karne nyingi liliwaagiza watawa wake kufuga ndevu, kama alama ya ufukara na ya kumfuata Kristo. Wakati huohuo mapadre wengi wa Kanisa la Magharibi walitakiwa wawe wamenyoa. Kanisa moja, Ekaristi moja, videvu viwili. Hakuna aliyeokoka kwa wembe, na hakuna aliyepotea kwa kuukosa.

Maandiko nayo yanalijua jambo hili. Soma 2 Samweli 10. Mfalme Hanuni aliwashika wajumbe wa Daudi, akawanyoa nusu ya ndevu na kuwakatia mavazi. Waliona aibu kubwa. Daudi alikuwa amiri jeshi wao, angeweza kuwaambia, "Malizieni nusu iliyobaki, mrudi kazini." Hakufanya hivyo. Aliwaacha wakae Yeriko mpaka ndevu ziote tena, ndipo warudi. Kiongozi aliona kwamba heshima ya mtumishi wake ni sehemu ya ulinzi wa taifa.

Halafu soma Luka 3:14. Askari wanamwuliza Yohane Mbatizaji, nasi tufanye nini? Yohane, mtu wa jangwani mwenye vazi la manyoya ya ngamia, hakuwagusia habari ya nywele. Aliwakataza kuonea watu na kusingizia, akawataka waridhike na mshahara wao. Hapo ndipo alipoiona nidhamu ya askari.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote. Tuipime kanuni ya ndevu kwa kipimo hicho. Pale penye hatari ya gesi, akili ipo na manufaa yapo: anyoe, na dini yoyote yenye kujali uhai itamwelewa. Pale kwenye kufundisha usawa wiki za mwanzo, naelewa pia. Lakini kwa karani wa ghala, kwa daktari wa kikosi, au kwa yule ambaye ndevu zake zikinyolewa kila siku zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi mpaka shingo inajaa vipele na usaha, sababu inapungua nguvu. Sababu ikipungua, ruhusa iongezeke. Ndevu fupi, safi, zenye kipimo, na kibali kwa anayeomba kwa dhamiri au kwa afya. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, inatambua uhuru wa dini. Kanisa lilisema hivyohivyo kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965: mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, isipokuwa utulivu wa haki wa jamii unadai.

Utaniambia, "Jeshi ni hiari, asiyetaka asiende." Kwa anayekwenda kwa mujibu wa sheria, si hiari. Na kwa kijana anayetafuta ajira kwenye vyombo vya ulinzi, JKT ndiyo njia kubwa ya kupitia. Kumwambia achague kati ya mkate na dhamiri ni kumpa mtihani ambao wewe hujaufanya.

Lakini ikiwa kanuni bado ni kunyoa, je? Rafiki yangu aliamua kwenda na kunyoa, akasema Mungu anajua nia. Sikumcheka wala sikumpongeza. Kutii kunakouma kuna thamani yake, na Mkristo anayebeba msalaba anapaswa kukutambua kokote anakokuona.

Sasa ile damu niliyoitaja. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaingia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Ng'ambo huko, Cabo Delgado, vita hivyo vilianza Oktoba 2017, na kundi hilo watu huliita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya "vijana". Jina letu hilo! Tangu hapo nimesikia vijiweni mtu mwenye ndevu akipita, sauti zinashuka. Hapa naomba tuwe wakali na nafsi zetu. Jeshi lina haki ya kuweka kanuni ndani ya kambi, ila mimi na wewe hatuna haki ya kuipeleka kanuni hiyo mtaani na kuifanya ndevu kuwa ushahidi. Mbona huko Msumbiji imeripotiwa wavamizi kuvaa sare za jeshi? Adui anaweza kunyoa. Adui anaweza kuvaa gwanda. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ndivyo Samweli alivyofundishwa nyumbani kwa Yese, kwamba binadamu hutazama sura, Bwana hutazama moyo (1 Samweli 16:7). Kijana anayetengwa na kushukiwa bila kosa, tunamsukuma wapi?

Basi wiki hii fanya haya. Mtafute jirani wa dini nyingine, umwulize ni jambo gani dogo kwako ambalo kwake ni zito. Kwenye jumuiya, mtu akitania ndevu za mwenzake kwa maneno ya ugaidi, usicheke. Na tuwaombee askari wetu wa mpakani, wanaolala macho ili sisi tuende Misa ya asubuhi bila hofu.

Tusali: Ee Bwana, uliyekubali ndevu zako zing'olewe na watesi wako, utufundishe kuheshimu kile ambacho jirani yetu amekutolea. Walinde walinzi wetu, uwape viongozi hekima, utupe amani pande zote mbili za Ruvuma. Amina.