Mnunuzi Aliye Mlangoni

Ndugu zangu wenye maduka,

Sababu ya kuteremka Sura ya Abasa twaijua. Kipofu Abdullahi bin Ummi Maktum alimjia Mtume (s.a.w.) naye yumo katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi, akakunja uso, na Mola akamlaumu kwa hilo. Kipofu yule hakuja kuomba sadaka. Alikuja na haja yake.

Na madukani mwetu je? Mwenye kigari cha magurudumu akisimama chini ya ngazi, aghalabu hutupiwa shilingi kabla hajanena, hali mfukoni ana pesa za mchele! Yeye ataka kuchagua, kama wewe uchaguavyo.

Ngazi ya shubiri moja yahitaji mteremko wa shubiri 12. Vichochoro vya Mji wa Kale havina nafasi hiyo. Basi tundika kengele chini, mkono wake uifikie, nawe ushuke na sampuli mbili tatu. Asiyeona mtajie bei, umhesabie chenji mkononi. Noti za 2019 zina alama za kupapaswa. Na magunia yale yaliyoziba njia ya mlangoni, yaingizeni ndani leo.