Hadithi ya Utetera na Haki ya Kujibu

Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipata nchi kwa hadithi. Akiwa safarini alisikia watu wakisimulia kwamba zamani dada wawili wa ukoo wa mtawala wa Utetera, Kasongo Rushie, walitekwa wakapelekwa Urua, nchi ya Waluba, wala hawakurudi. Akaisikiliza habari hiyo kwa makini, akashika majina na nasaba, kisha akajitia ndani yake: mmoja wa dada hao, alidai, alinunuliwa na babu yake huko Urua, na yeye Tippu Tip ni mjukuu wa mwanamke huyo. Mzee Kasongo Rushie akaona damu yake imerudi nyumbani, akamkabidhi utawala pamoja na pembe za ndovu. Tunayajua haya kwa kuwa Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili uzeeni, kule Unguja, na Heinrich Brode akayachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Katika kitabu hicho anaeleza kwanza alivyoisikia hadithi, ndipo anaeleza alivyoidai, na msomaji haoni shida kujua kipi kilizaa kipi. Kasongo, mji tunaouita wetu, ukawa makao makuu ya dola iliyopata nguvu kubwa kutokana na madai hayo.

Ukikitazama kitendo hicho bila kumtazama mtendaji, utaona ndicho wanachofanya kila siku vijana wanaopenda hadithi. Wanachukua kisa cha mtu mwingine, wanatafuta mahali palipoachwa wazi, wanaingiza mhusika mpya, mara nyingi anayefanana nao wenyewe, na kisa kinaendelea pale mwenye kukianza alipokoma. Wapo wanaoandika hivyo juu ya filamu, wapo wanaoandika juu ya vitabu vya wachawi na mazimwi. Wanaitwa mashabiki, na watu wazima hawawapi uzito. Nami nauliza swali ambalo naliona zito: kwa nini kitendo kimoja, kujitia katika hadithi ya wengine, kiwe dhuluma Utetera na kiwe halali, tena chema, katika daftari la mwanafunzi wa Kabambare? Majibu mawili huja haraka, la umiliki na la ukweli. Naona yote mawili hayatoshi, na kwamba jibu lenyewe liko mahali pengine: katika nafasi anayoachiwa yule anayesimuliwa, kwamba naye aweza kujibu.

Jibu la umiliki linasema hadithi ina mwenyewe, na anayeiendeleza bila ruhusa ni mwizi. Lakini hebu tumtazame Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli, aliyeishi Baghdad katika zama za Harun al-Rashid na kufariki mwanzoni mwa karne ya tisa. Hakuna aliyemwomba idhini kabla ya kumgeuza yule mjanja anayewaumbua masultani katika ngano za Waswahili. Kisa kimoja kinafahamika kotekote: maskini anakula mkate wake mkavu karibu na nyama ya tajiri inayokaangwa, akipata harufu tu, naye tajiri anamshtaki adai malipo ya harufu. Abunuwasi analeta sarafu, anazihesabu moja moja mbele ya hadhara zikilia, kisha anamwambia tajiri achukue mlio wake. Hukumu hiyo haimo katika sheria yoyote iliyoandikwa, na kila aliyeisikia anaijua kuwa ya haki. Imefika hivyo midomoni mwa wengi kwa sababu kila msimuliaji aliongeza chake na mwenziwe akaweza kukisahihisha. Tungalishikilia kwamba Abu Nuwas ni mali ya Baghdad na diwani yake, maskini yule asingepata wakili.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi uko Walikale, kwa Wanyanga, katika siku ambazo Walikale na Kasongo zilikuwa chini ya jimbo moja la Kivu. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliimba kisa cha Mwindo kwa siku 12, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakakiandika, kikachapishwa mwaka 1969. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anaamuru wake zake wazae mabinti watupu. Mtoto wa kiume atauawa. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba anamzika, anatoka kaburini. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni, naye anaelea akiimba hadi kwa shangazi yake Iyangura. Anarudi akiwa na nguvu za ajabu, anaiteketeza Tubondo, anamfuata baba hadi kuzimu. Hadi hapo ni kisasi, na kama kingeishia hapo kingekuwa kama visa vingi. Lakini kinaendelea. Wafu wanafufuliwa, baraza linakaa, Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu wote, shangazi anamkemea kaka yake hadharani, na baba na mwana wanagawana nchi. Halafu Mwindo mwenyewe, akiwa amejaa majivuno, anapandishwa mbinguni na Radi, anateswa kwa mvua, mwezi na jua hadi ajue kwamba ushujaa haumpi ruhusa ya kuua ovyo. Mdhulumu anahukumiwa, kisha aliyedhulumiwa akishapata nguvu naye anahukumiwa. Mikataba yetu mingi ya amani huku mashariki mwa Kongo haijafika hatua hiyo ya pili.

Jambo ninalotaka lionekane zaidi ni namna kisa kile kilivyoimbwa. Kwa kawaida Rureke hakukiimba chote kwa mfululizo. Aliimba kipande leo, kipande siku nyingine. Vijana waligonga vijiti kushika mapigo, wasikilizaji waliitikia, walicheza, walimpa zawadi, naye katikati ya masimulizi alitoka nje ya kisa na kusema na watu waliokuwa mbele yake, hata na wale waliokuwa wakiandika. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matoleo mengine ya visa vya Mwindo kutoka kwa waimbaji wengine, na hayafanani: Mwindo wa huyu si Mwindo wa yule. Hakuna aliyemshtaki mwenziwe kwa wizi. Kisa kiliishi kwa kuwa aliyekisikia leo alitarajiwa kukisema kesho kwa namna yake, mbele ya watu wanaokijua na wanaoweza kumpinga. Shabiki wa leo anayeendeleza kisa hajabuni desturi ngeni. Anaendesha desturi ya kale kwa kalamu.

Jibu la pili ni zito zaidi: kosa la Tippu Tip ni uongo, na dawa ya uongo ni ukweli, basi tuache kubuni tukusanye habari za hakika. Hapa historia ya sehemu zetu inatufundisha tusiwe na haraka. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, watu wenye bunduki wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe waliwafyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengi wakajitupa majini wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tunayajua haya kwa kalamu ya David Livingstone, aliyekuwapo, naye simtilii shaka kwamba aliumia moyoni. Miezi ya nyuma yake alikuwa amekwama Bambarre, yaani Kabambare, akiuguza vidonda vya miguu, na karatasi zilipomwishia aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani, kwa wino uliokamuliwa kwenye mbegu za mti. Maandishi yale yalififia hata hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu waliyatoa upya kwa picha za mwanga maalumu, ikaonekana kwamba Livingstone alipoyanakili katika daftari lake kubwa alibadilisha mambo, na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake kilipita tena mkononi mwa mhariri. Kwa hiyo hata shahidi mkweli alisimulia upya.

Wala hilo silo linalonisumbua zaidi. Tuseme kila neno la Livingstone ni sahihi. Bado mwanamke aliyeteremka mtumbwi asubuhi ile na mzigo wake wa samaki au chumvi hana neno hata moja katika maandishi yote hayo. Anaonekana akikimbia, anaonekana akizama. Anachukuliwa kuwa sababu ya hasira ya wasomaji wa London dhidi ya biashara ya utumwa, na baada ya miaka 22 tu hasira hiyohiyo imekuwa kisingizio cha vita vilivyoiweka Nyangwe na Kasongo mikononi mwa mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1893, na kodi ya mpira na mjeledi vikafuata. Ukweli ulisemwa juu yake, na ukatumika bila yeye. Hivyo ukweli peke yake hautoshi kuitwa haki, kama vile ubunifu peke yake hautoshi kuitwa dhuluma.

Hapo ndipo naona thamani ya hadithi ya kubuni iliyo wazi. Anayesema palikuwa na nchi angani, au mtoto aliyezaliwa akisema, ameshakiri kwamba anabuni. Hamlazimishi yeyote kuamini, na anayebuni waziwazi anamruhusu msikilizaji kubuni naye. Tippu Tip aliuficha ubunifu wake. Nguvu yake yote ilikuwa katika kuaminiwa, na nyuma ya maneno yalikuwapo magobori. Shaaban Robert alipotaka kusema juu ya haki chini ya serikali ya kikoloni, mwaka 1951, aliijenga Kusadikika, nchi isiyo ardhini, akamsimamisha Karama mahakamani kwa kosa la kufundisha sheria. Kila msomaji alijua Kusadikika haipo, na kila msomaji alijua ni wapi. Hata wanafalsafa wanaodhani wako mbali na ngano wanaziegemea: John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, anatutaka tuwaze watu wanaochagua kanuni za nchi yao bila kujua kama watazaliwa matajiri au maskini, wa kabila hili au lile. Kusanyiko hilo halijawahi kukaa popote. Ni hadithi ya kubuni, na bila hiyo hoja yake nzima inaanguka. Kuwaza usawa ni kujiweka mahali pa mtu ambaye wewe siye, na kazi hiyo mashabiki wanaifanya wakiwa na umri wa miaka 15.

Atakuja mwandishi na kuniuliza: na jasho langu je? Nimekaa miaka na kitabu, leo mtu anachukua wahusika wangu. Swali lake ni la haki na silipuuzi. Anayechapa kazi ya mwenziwe na kuiuza, au kuitia jina lake, anamnyima mkate. Lakini kuendeleza si kunakili. Mwaka 1614 huko Hispania mtu aliyejificha kwa jina la Avellaneda alitoa sehemu ya pili ya Don Quijote kabla ya Cervantes kumaliza yake. Cervantes alichukia, na alikuwa na sababu, maana mtu yule alijificha na alimtukana. Mwaka 1615 akatoa sehemu yake mwenyewe, na ndani yake wahusika wake wanakipata kitabu cha uongo na kukijadili. Hasira iligeuka kuwa jibu, na jibu likawa miongoni mwa sehemu bora za kitabu kile. Aliweza kujibu kwa kuwa alikuwa na kalamu, mchapishaji na wasomaji. Ndiyo maana kuandika upya kisa cha mwandishi mkubwa mwenye soko hakulingani na mwandishi huyohuyo kuchukua kisa cha Wabangubangu au Wazimba na kukiuza mbali, mahali ambapo sauti ya Kabambare haifiki. Kipimo ni kilekile, na matokeo yanatofautiana kwa sababu uwezo wa kujibu unatofautiana.

Mwingine atasema Kabambare ina mahitaji ya haraka kuliko hadithi: barabara zinazopitika wakati wa mvua, usalama kwenye machimbo ya Salamabila, walimu wanaolipwa. Nakubali mahitaji yote hayo, nakataa kwamba yanashindana na hili. Mchimbaji anayeambiwa kwamba mgodi una wenyewe tangu zamani anaambiwa hadithi. Koo mbili zinazogombea utawala wa gurupma, yaani kundi la vijiji, hazileti mizani mbele ya msimamizi wa teritori, zinaleta nasaba: nani alifika kwanza, nani alioa binti wa nani, nani alikuja kama mgeni. Jamii ambayo vijana wake wamezoea kuuliza kisa kinachosimuliwa kimemwacha nani nje haidanganyiki upesi kama mzee Kasongo Rushie. Yeye hakukosa upendo wala akili. Alikosa mtu wa kuuliza swali la pili.

Basi turudi kwa mtu ambaye hadithi yote ya Utetera imesimama juu yake, naye hasemi lolote: yule dada aliyetekwa. Kaka yake anamlilia, Tippu Tip anamfanya nyanya, wanahistoria wanamtaja katika sentensi moja ili kuonyesha ujanja wa mjukuu bandia. Mwandishi wa Kasongo akitaka leo kuandika maisha yake huko Urua, aliolewa na nani, alimlaani nani, alikataa kurudi au alitamani kurudi, nasema aandike, na aseme wazi kwamba anabuni. Anaweza kumpa zimwi la mtoni kuwa rafiki akitaka. Hilo pia ni kumtumia marehemu asiyeweza kukubali wala kukataa, nalo halifutiki kwa nia njema. Lakini wapo walio hai wanaoweza kukataa. Mluba akisoma kitabu hicho ataona babu zake wamekuwa wateka wanawake, na huenda ana kisa kingine nyumbani kwao, ambamo dada yule hakutekwa, alikimbia. Akiandika, naye asomwe Kasongo.