Amana ya Mtangazaji

Mchezo una watu wa aina mbili: wachezao na watazamao. Siku hizi katikati yao amesimama mtu wa tatu, naye ni mtangazaji. Kijana wa Migori au wa Homa Bay atakaye kuwaonyesha jirani zake mashindano ya michezo ya mtandaoni, moja kwa moja, huanza kwa kuuliza habari za vyombo: kompyuta, kipaza sauti na intaneti isiyokatika. Maswali hayo ni ya haki, lakini liko moja lipasalo kuyatangulia: mtangazaji anadaiwa nini, na nani?

Wajaluo wana mchezo wa kale uitwao ajua, ambao ni ndugu wa bao. Wawili hucheza, na watazamaji huwazunguka. Kila mmoja huona ubao kwa macho yake mwenyewe. Mchezo ukiisha, kete hurudishwa vishimoni, na aliyeshindwa huanza upya sawasawa na aliyeshinda. Utangazaji umebadili mambo hayo mawili. Kijana wa Rongo akicheza na mwenzake wa Mbita, mtazamaji aliye Oyugis huona yale tu aliyochaguliwa na mtangazaji. Tena, kushindwa hakuishi pamoja na mchezo. Huhifadhiwa, na huweza kuonyeshwa hata mwakani.

Wajibu wa kwanza, basi, ni ukweli. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alitangaza mpira katika Sauti ya Kenya kwa watu wasiouona uwanja. Wao walimpa masikio yao, naye akawaazima macho yake. Mtu huyo huyo, tangu mwaka 1966, aliendesha kipindi cha redio kilichoitwa "Je, Huu ni Ungwana?" Swali hilo lamfaa mtangazaji wa mtandaoni pia, maana majaribu yake ni makubwa. Katika baadhi ya michezo hulazimika kuchelewesha picha kwa dakika kadhaa, ili mshindani asitazame matangazo akajua mwenzake alikojificha. Kwa hiyo mtangazaji hujua matokeo kabla ya watazamaji. Akimnong'onezea rafiki yake apate kucheza kamari na wasiojua, ameuza macho aliyoaminiwa.

Wajibu wa pili ni heshima kwa anayeshindwa. Wako wasemao kwamba matangazo yasiyo na kejeli hayana ladha, na watazamaji watahamia kwingine. Hoja hii si ya kupuuzwa. Watazamaji hununua intaneti kwa fedha zao, na utani ni sehemu ya mchezo. Hata penye ajua aliyeshindwa hutaniwa. Lakini utani wa barazani hutoka kwa mtu aliye mbele yako, waweza kumjibu, na jua likitua umekwisha. Kejeli ya mtangazaji haina wa kuijibu, na asubuhi mtoto aliyechekwa hukutana na waliomcheka, darasani na sokoni.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Mtangazaji mwema ataiomba idhini hiyo, wala hataridhika nayo peke yake, kwa kuwa mzazi aliyekubali mwanawe aonekane akicheza hakukubali adhihakiwe.

Methali yasema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hili huambiwa mchezaji, lakini mtangazaji naye ana fungu lake. Amfanyaye mwenzake aogope kushindwa huwaondoa washindani mmoja mmoja, mpaka hapana mchezo wa kutangaza. Basi, enyi vijana, mkitaka kupima kazi yenu, msihesabu watazamaji peke yao. Tazameni kama aliyeshindwa jana, baada ya kuyasikia matangazo yenu, amerudi leo kucheza.